Moshi Usioonekana: Matangazo ya Reli ya Marekani, Wembe wa Mkusanyaji na Swali la Matini

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matangazo ya kampuni za reli za Marekani yaliyochapishwa katika majarida ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, pamoja na desturi ya kuyakata na kuyakusanya. Hoja kuu ni kwamba tangazo lililokatwa si tena matini ile iliyochapishwa, ingawa mkusanyaji ndiye aliyetuhifadhia kile ambacho maktaba nyingi zilikitupa. Matangazo matatu yanasomwa kwa karibu kwa zana za uhakiki wa ushairi na nathari ya Kiswahili. La nne, la Reli ya Uganda, linalirudisha swali hilo Afrika Mashariki.

1. Ukurasa na wembe

Anayetaka tangazo la zamani la reli halazimiki kununua jarida zima. Wauzaji wa karatasi za kale nchini Marekani huchukua toleo la Life, Saturday Evening Post, Collier's, Fortune, Holiday au National Geographic, wakalifumua, wakakata kurasa za matangazo kwa wembe, kisha wakauweka kila ukurasa katika mfuko wa plastiki wenye kadi ngumu nyuma yake. Mpangilio hufuata bidhaa: magari huku, sigara kule, reli upande wake. Mpenzi wa reli hupekua fungu lake na kuchagua kwa jina la kampuni, kwa mwaka, au kwa aina ya kichwa cha treni kilichochorwa. Kwa kuwa mengi ya majarida haya yalichapwa kwa mamilioni ya nakala, ukurasa mmoja kwa kawaida haugharimu fedha nyingi, na mtu mwenye subira anaweza kujenga mkusanyo wa mamia ya kurasa bila kufilisika.

Mtaalamu wa fasihi akimtazama mtu huyo akiwa na wembe mkononi, hujihisi ana haki ya kulalamika. Tangazo limetenganishwa na hadithi iliyokuwa ikilikabili. Tarehe huandikwa kwa penseli pembeni, na mara nyingine haiandikwi kabisa. Nyuma ya ukurasa kumebaki nusu ya makala isiyo na mwanzo, au robo tatu ya hadithi isiyo na mwisho, navyo hufichwa milele mara ukurasa unapowekwa katika fremu. Msomaji wa mwaka 1942 alilikuta tangazo akielekea kwingine. Mkusanyaji hulikuta kama kitu alichokikusudia tangu mwanzo, na tofauti hiyo ya mkao wa msomaji si ndogo.

Hata hivyo, lawama hiyo yafaa igawanywe kwa haki. Kwa miongo mingi maktaba zilipojalidi majarida yao ziliondoa majalada na kurasa za matangazo, hasa zile zilizokusanywa mwanzoni na mwishoni mwa toleo, ili kupunguza unene wa jalada na gharama ya kazi. Sean Latham na Robert Scholes, katika makala yao ya mwaka 2006 kuhusu kuibuka kwa taaluma ya majarida, walilitaja pengo hilo kuwa tundu katika hifadhi. Nicholson Baker naye, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alizishutumu maktaba kwa kutupa magazeti ya karatasi baada ya kuyapiga picha kwenye filamu ndogo, na filamu hizo kwa sehemu kubwa hazikuwa na rangi. Kwa hiyo tuna hifadhi mbili, na kila moja imekatwa upande wake. Maktaba imebaki na tarehe, mfuatano na makala, na imepoteza matangazo. Mkusanyaji anayo matangazo pamoja na rangi zake, ila mfuatano umempotea. Mtafiti atakayetaka matini kamili hana budi kwenda kwa wote wawili, na akifika kwa mkusanyaji ni vyema aingie kwa adabu.

Wasomi wa Kiswahili hawana sababu ya kuliona tatizo hili kuwa la watu wengine. Mashairi yaliyotoka katika Mambo Leo, jarida lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, mara nyingi yalikuwa sehemu ya majibizano: mshairi huuliza, mwingine hujibu katika toleo la baadaye, wa tatu huingia kuwakosoa wote wawili. Shairi kama hilo likinyofolewa na kuwekwa katika diwani, hubaki na vina na mizani yake yote, lakini mtu aliyekuwa akisemeshwa ametoweka. Diwani hapo imefanya kazi ya wembe, tofauti ikiwa tu kwamba sisi tumeizoea na kuiheshimu.

2. Je, yanastahili kusomwa?

Swali hili halihitaji kutuchelewesha. Leo Spitzer, mwanafilolojia aliyebobea katika fasihi za Kirumi, alichapisha mwaka 1949 insha ndefu juu ya tangazo moja la machungwa ya Sunkist, akalichambua kwa uzito uleule aliouelekeza kwa washairi wa kale. Kwetu sisi hoja imekwisha kujibiwa na kanga. Kanga ni bidhaa dukani, na maneno yaliyochapwa juu yake ni sehemu ya kile kinachoiuza. Wahakiki wameyasoma maneno hayo kama methali, kama mafumbo na kama mawasiliano baina ya wake wenza na majirani, wala hakuna aliyeona haya kwa kuwa mwenye kiwanda alitaka faida.

Ninachotofautiana na Spitzer ni kwamba alilisoma tangazo lake kana kwamba ni shairi lililojitosheleza. Matangazo ya reli hayakubali usomaji huo kwa urahisi. Yalitoka kwa mfululizo, yakajibu malalamiko ya abiria, yakashindana na kampuni nyingine, na toleo la jarida moja halikulingana kila mara na la jingine kwa ukubwa wala kwa maneno. Mkusanyaji mwenye nakala kadhaa za tangazo moja amekaa mahali alipokaa mhariri wa tenzi mwenye miswada inayohitilafiana. Tofauti ni kwamba yeye huchagua nakala isiyo na madoa, ilhali mhariri huorodhesha tofauti zote. Laiti angeorodhesha!

3. Bibi wa gauni jeupe

Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya Delaware, Lackawanna and Western, iliyokuwa na njia kati ya New York na Buffalo, ilikuwa na jambo moja la kujisifia. Vichwa vya treni vyake vilichoma anthrasaiti, yaani makaa ya mawe magumu ambayo hayatoi moshi na masizi kama makaa ya kawaida. Mwandishi wa matangazo Earnest Elmo Calkins aliligeuza jambo hilo la ufundi kuwa mhusika: Phoebe Snow, bibi kijana anayesafiri akiwa amevaa mavazi meupe kutoka kofia hadi viatu, naye hufika mwisho wa safari akiwa mweupe vilevile. Picha zake ziliambatana na beti fupi. Zilianzia kwenye kadi zilizobandikwa ndani ya magari ya abiria mjini, kisha zikaenea majaridani.

Jina lenyewe ni majazi ya wazi, kwani jina lake la ukoo maana yake ni theluji. Fani ya beti hizo inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko zinavyoangaliwa kwa kawaida. Ubeti wake wa kawaida una mishororo sita mifupi. Mitatu ya kwanza hufuatana kwa kina kimoja, mitatu ya mwisho kwa kina kingine, na mapigo yake huiga mwendo wa magurudumu juu ya maungio ya reli. Ubeti hutua kwenye sifa ya njia yenyewe, njia ya anthrasaiti, nayo hurudi mara kwa mara kama kibwagizo. Msomaji aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili atalitambua jambo hili haraka kuliko msomaji wa Kiingereza, ambaye amefundishwa kwamba beti za namna hii ni za watoto. Kibwagizo si pambo. Ndicho kinachoubeba ujumbe ambao beti zinazobadilika zinauzunguka, na Calkins alijua kwamba abiria atasahau kisa cha juma hili lakini jina la njia litabaki ulimini.

Sasa tujaribu kulihamisha tangazo hili katika Kiswahili. Tutakwama kwenye neno la kwanza. Lugha yetu iliita chombo hiki gari la moshi, na wengine wakaunganisha maneno wakasema garimoshi. Waliolibuni jina hilo walitaja kile walichokiona na kukinusa kabla ya kingine chochote. Kiingereza kiliipa jina njia ya reli. Kiswahili kilitaja kilichotoka kwenye bomba. Phoebe Snow kwa Kiswahili angekuwa bibi anayelisifu gari la moshi kwa kukosa moshi, na tangazo lingegeuka kichekesho au kitendawili. Katika kugeuka huko lingetoboa siri yake, kwa sababu kazi yote ya beti za Calkins ni kuuondoa moshi machoni pa msomaji, na moshi ukiondoka huondoka pamoja na wanaoishi ndani yake.

Anthrasaiti haikuwa nyeupe pale ilipochimbwa. Ilitoka kaskazini mashariki mwa Pennsylvania, na kampuni za reli zilizoibeba, Lackawanna ikiwemo, zilikuwa pia na migodi yao. Mwaka 1902, kuanzia Mei hadi Oktoba, zaidi ya wachimbaji 100,000 wa anthrasaiti waligoma wakidai ujira bora na saa chache za kazi, hadi Rais Theodore Roosevelt alipoingilia kati. Katika miaka hiyohiyo gauni la Phoebe lilikuwa linaanza kujulikana. Sidai kwamba tangazo lilitungwa ili kufunika mgomo. Hakuna haja ya kudai hivyo. Yatosha kuona kwamba makaa yaleyale yana rangi mbili kutegemea umesimama upande gani wa kampuni, na kwamba beti ziliandikwa kwa upande mmoja tu. Nakiri kwamba ni beti za kupendeza. Ukizisoma kwa sauti huachi kutabasamu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoyahitaji makaa hayo kwa shughuli nyingine, Phoebe aliondolewa. Mwaka 1949 jina lake lilirudishwa, safari hii kama jina la treni mpya iliyovutwa kwa injini ya dizeli, ambayo haikuhitaji anthrasaiti wala makaa ya aina yoyote. Sifa ilikuwa imebaki bila kisifiwa.

4. Kijana wa kitanda cha juu

Tangazo mashuhuri kuliko yote katika fungu hili lilitolewa mwezi Novemba 1942 na reli ya New Haven. Mwandishi wake alikuwa Nelson Metcalf, na mchoro ulikuwa wa Edwin Georgi. Marekani ilikuwa vitani, treni zilijaa askari, na abiria wa kawaida walilalamika kwa kukosa viti, vitanda na nafasi katika behewa la chakula. Kampuni ilihitaji kuwanyamazisha abiria hao bila kuwakosea heshima. Ilipata zaidi ya hilo: tangazo lilichapishwa tena katika majarida makubwa, likasomwa redioni, na likatengenezewa filamu fupi.

Maneno yake ni nathari, lakini nathari iliyopimwa. Yanaanza kwa saa kamili, dakika ya 42 baada ya saa tisa usiku, na kwa idadi: askari wawili katika kila kitanda cha chini, mmoja katika kila cha juu. Kisha jicho linasimama kwenye kitanda namba 4, ambako kijana mmoja hajalala. Hapewi jina. Anatambulishwa kwa kitanda chake, na uamuzi huo wa kisanaa ndio uliofanya kila mama aweze kumlaza mwanawe hapo. Yanafuata anayoyakumbuka: chakula cha vijana na soda, mbwa wake, msichana anayemwandikia barua, baba mwenye mvi aliyesimama stesheni kwa fahari na haya, mama aliyemfumia soksi. Donge limemkaba kooni.

Hapo ndipo nafsineni inapofanya jambo la ujasiri. Hadi sasa imemzungumzia kijana katika nafsi ya tatu. Ghafla inamgeukia na kumwambia yeye mwenyewe kwamba si kitu, hakuna atakayeona machozi yake, kwani giza ni nene mno. Msomaji amekuwa akiona kila kitu, na mara anaambiwa kwamba hakuna aonaye. Anajikuta amekaa gizani bila kualikwa. Akiwa bado na aibu hiyo nafsineni inamgeukia yeye sasa: utakapopanda treni, umkumbuke kijana huyu. Zinafuata sentensi za masharti zenye usambamba kamili, kila moja ikianza na taabu ya abiria na kuishia kwenye haja ya askari. Ukisimama, ni ili yeye akae. Ukikosa kitanda, ni ili yeye alale. Mwisho ni deni: kumfanya mgeni wa heshima ndilo dogo tuwezalo kulifanya.

Mpito huu wa nafsi, kutoka yeye kwenda wewe-kijana, kisha wewe-msomaji, na hatimaye sisi, ndio moyo wa matini. Wasifiaji wake huishia kwenye hisia. Wanachopaswa kuuliza ni nani aliyemo ndani ya yule sisi wa mwisho. Kampuni, bila shaka. Abiria pia, maana wamekwisha kulipishwa sehemu ya deni kwa kusimama. Lakini vitanda vile, vya chini na vya juu, havikujitandika. Katika mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman vilitandikwa na wahudumu ambao kwa sehemu kubwa sana walikuwa Wamarekani weusi. Abiria wengi waliwaita wote George, kwa jina la mwenye kampuni, George Pullman, kama ilivyokuwa desturi kumwita mtumwa kwa jina la bwana wake. Chama chao kiliundwa mwaka 1925 chini ya uongozi wa A. Philip Randolph, na mkataba na kampuni ulipatikana mwaka 1937, baada ya miaka 12. Miaka mitano baadaye linatoka tangazo ambalo ndani yake vitanda vyote vimejaa na hakuna mhudumu. Naye kijana wa mchoroni ni mweupe, katika jeshi ambalo amri ya kukomesha utengano wa rangi ilikuja mwaka 1948.

Ukimya huu unathibitika pale tu tangazo linapowekwa kando ya mengine. Katika matangazo mengi ya Pullman ya miongo ile, mhudumu yupo: anatabasamu, anabeba mto, anainama mlangoni. Mkusanyaji aliyepanga kurasa zake kwa kampuni anaweza kumwona akiingia na kutoka, mwaka kwa mwaka. Kitabu kinachochapisha tangazo la Metcalf peke yake, kama kito, hakimwezeshi msomaji kuona kwamba kuna mtu ameondolewa. Kwa hiyo nasema kwamba mkusanyo, pamoja na kasoro za wembe, ni chombo cha uhakiki kuliko teuzi za watu wa matangazo wenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likitiliwa mkazo. Miongoni mwa mambo ambayo kijana anayakumbuka gizani ni kuendesha gari dogo la wazi juu ya barabara pana yenye njia sita. Reli imemlipa mwandishi, na mwandishi amempa askari ndoto ya barabara. Ni kweli kwamba kijana wa Marekani wa 1942 angeota hivyo hasa, na ukweli huo ni sehemu ya nguvu ya matini. Mwaka 1958 barabara kuu ya Connecticut ilifunguliwa ikienda sambamba na njia ya New Haven. Mwaka 1961 kampuni ilifilisika.

5. Paka, nguruwe na chifu

Kampuni ya Chesapeake and Ohio ilitumia tangu mwaka 1933 mchoro wa paka mdogo aliyelala akiwa amefunikwa shuka, kichwa juu ya mto, kuwaahidi abiria usingizi. Paka huyo, Chessie, anapendwa na wakusanyaji kupita kiasi, na sina la kuongeza isipokuwa kwamba tangazo ambalo mhusika wake amelala haliwezi kubishiwa.

Mwenyekiti wa kampuni hiyohiyo, Robert R. Young, alitoa mwaka 1946 tangazo la tabia nyingine kabisa. Lilisema kwamba nguruwe anaweza kuvuka Marekani bila kubadili treni, lakini wewe abiria huwezi. Hoja ilikuwa ya kweli: mabehewa ya mifugo yalipitishwa Chicago kutoka kampuni moja hadi nyingine, ilhali abiria alilazimika kushuka, mara nyingi akahamia stesheni nyingine na kupanda treni tofauti. Hapa hakuna machozi wala theluji. Kuna mlinganisho mmoja, wa kejeli, unaomweka msomaji na mnyama kwenye mizani na kumwacha aone nani mzito. Mwaka huohuo mabehewa ya kulala ya moja kwa moja kutoka pwani hadi pwani yalianza kutolewa. Young hakuwa mtetezi asiye na maslahi. Alikuwa akiuwinda uongozi wa New York Central, na mwaka 1954 aliupata. Lakini kati ya matangazo yote ninayoyazungumzia, hili ndilo pekee linalomwambia msomaji jambo ambalo lilikuwa na madhara kwa wenye reli. Mfasiri atatakiwa kuwa mwangalifu nalo pwani yetu, kwani nguruwe katika Kiingereza cha Chicago ni mzigo wa biashara, na kwa Kiswahili tangazo lingekuwa tusi kabla halijawa hoja.

Reli za magharibi ziliuza kitu kingine: watu. Santa Fe iliziita treni zake za fahari kwa cheo cha chifu. Great Northern ilimtumia Winold Reiss kuwachora Wablackfeet kwa kalenda zilizotundikwa maelfu ya nyumba kwa miaka mingi. Picha za Reiss ni nzuri, na zinawaonyesha watu wenye nyuso zao wenyewe. Bado zilitumika kumwita msafiri kuja kwenye nchi ambayo reli ilisaidia kuwapokonya waliochorwa, na uzuri haulifuti hilo.

6. Majira ya baridi ya nani?

Mwanzoni mwa karne hiyohiyo Reli ya Uganda nayo ilijitangaza. Njia hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901 kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, kwa kazi ya vibarua takribani 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi; karibu 2,500 kati yao walikufa. Bango lake linalojulikana zaidi linazitaja nyanda za juu za Afrika Mashariki ya Kiingereza kuwa makazi ya majira ya baridi kwa makabaila, mahali ambapo wawindaji hujiburudisha na wanafunzi wa maumbile hufurahia mbuga, na ambapo behewa lenye madirisha ya kutazamia hupita katikati ya wanyama.

Tulisome kwa sarufi yake. Majira ya baridi yanayotajwa si ya mahali linapopaelekeza. Nairobi ina baridi yake ya Julai, na pwani ina kipupwe. Lakini bango linazungumzia Desemba na Januari za London, wakati kaskazi inapovuma Mombasa na jua ni kali. Yaani nchi imetambulishwa kwa kalenda ya msomaji. Kila kitenzi kina mtenda aliyetoka nje: kabaila hukaa, mwindaji huwinda, mwanafunzi hutazama. Wenyeji hawajatajwa hata kama watumishi. Phoebe Snow alimficha mchimbaji nyuma ya rangi nyeupe, na tangazo la New Haven lilimficha mhudumu nyuma ya giza la saa tisa. Bango hili halikuhitaji pazia lolote, kwa sababu lugha liliyoandikiwa haikutarajiwa kusomwa na waliokuwepo. Katika Kiswahili lisingeweza kutamkwa bila mtu kuuliza kabaila huyo anakuja kukaa kwa nani.

Leo bango hilo huchapwa upya na kuuzwa kama pambo, hata katika miji ambayo reli ile iliizaa. Katika nakala nyingi za aina hii kinachobaki ni mchoro na maneno makubwa. Jina la mchapaji na mwaka hukatwa kwa sababu haviingii katika fremu. Mkusanyaji wa Marekani, hata yule mvivu, kwa kawaida hujua ukurasa wake ulitoka jarida gani. Kwa matangazo ya reli zetu, na kwa matangazo yaliyotoka katika magazeti ya Kiswahili yaliyofuata, kazi hiyo ya awali ingali mbele yetu: kuandika, kabla wembe haujapita, jina la gazeti, tarehe, namba ya ukurasa, kilichokuwa upande wa pili wa karatasi, na shairi la nani lililokuwa likilikabili.